Kawa la Adija

Kupika najua, na sioni haya kulisema. Mkate wa kumimina nikiupika mimi, moto chini na makaa juu ya kifuniko, unavimba mpaka unataka kutoka sufuriani. Kusuka ndiko sijui. Shangazi Mastura, aliyenilea Kivinje baada ya mama kufariki, alijaribu kunifundisha akachoka. Miyaa ya ukindu ilinikata vidole, ukili niliousuka ulikwenda upande, mwishowe niliutia jikoni ukaungua. "Namwoza huyu, lakini mikono yake nusu," aliwaambia watu siku ya harusi yangu, na ukumbi mzima wa wanawake ukacheka.

Kicheko hicho nilihama nacho. Mwaka ule wa Operesheni Vijiji mume wangu, Abdulatifu, alipelekwa kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa upande wa Tingi, nami nikamfuata huku nimenuna. Jirani yetu alikuwa Mboni, Mmatumbi aliyehamishiwa pale na watu wake kutoka mashamba ya ndani. Alinizidi miaka kumi na tano na alikuwa na binti wa kuolewa, lakini sikuwahi kumpa shikamoo hata siku moja. "Hujambo, Mboni," basi. Niliona mtu wa mjini akimwamkia mtu wa porini atakuwa amejishusha.

Na mikono yake sasa! Rangi za dukani ziliadimika, akachemsha magome ya mikoko akapata wekundu wake mwenyewe. Kwa miezi miwili alisuka kawa moja la kufunikia chakula, jekundu kwa jeupe, vimiraba vidogo kama punje za mtama. Lilikuwa la binti yake, Adija, aende nalo kwa mumewe baada ya Idi.

Ramadhani ilipofika siku ya ishirini, nikaletewa habari kwamba Shangazi Mastura anakuja kunitazama, atalala siku moja. Nilikuwa nimeficha sukari nusu kilo na hamira kidogo, vitu ambavyo mwaka ule watu walikuwa wakiviota tu. Nilitwanga mchele, nikakamua tui, nikapika mkate wangu. Ulipopoa niliutazama nikaona hauna cha kufunikia ila sinia lililobonyea. Nikaenda kwa Mboni kuazima kawa.

"La Adija hilo," alisema.

"La leo tu."

Akanipa. 

Shangazi alifika alasiri na lori la korosho, vumbi tupu. Kabla hajakaa akaliona kawa. Akaliinua, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye pindo.

"Kasuka nani?"

Ningeweza kusema. Jina lenyewe ni fupi. Lakini nilikuwa nakisikia kile kicheko cha harusini, na mdomo ukanitangulia.

"Mimi, Shangazi."

Macho yake yalijaa machozi. Alinishika mkono, akanibusu vidole, vidole hivi hivi. Sijawahi kupata furaha chafu kama ile.

Jua likikaribia kuzama Mboni akaja na bakuli la ming'oko, vile viazi vya porini, kama alivyofanya kila siku ya mfungo. Akabisha hodi, akakaribishwa. Shangazi akamwonyesha kawa.

"Mama, umeiona kazi ya mwanangu? Msogelee akufundishe. Nyie wa huku kusuka mnajua kweli?"

Mboni akalitazama kawa, kisha akanitazama mimi. Mimi nilikuwa naitazama miguu yangu.

"Najua kidogo, bibi," alisema taratibu. "Nitakuja anifundishe."

"Hili naondoka nalo," akasema Shangazi. "Nikawaonyeshe wale waliocheka. Au unalihitaji, Moza?"

Mboni alikuwa bado amesimama pale pale, bakuli mkononi. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele yangu mara ya pili.

"Chukua tu, Shangazi," nikasema.

Mboni aliweka bakuli chini, akaaga kwa adabu, akatoka. Adhana ililia. Shangazi alikula mkate wangu akausifu.

Asubuhi nilimsindikiza mpaka kwenye lori la kwenda Nangurukuru. Alipanda akilikumbatia kawa kifuani. Nikarudi, nikaifunga sukari iliyobaki kwenye kitambaa, nikaenda kwa Mboni. Nilimkuta anachana miyaa barazani.

"Shikamoo, Mama Adija."

Aliacha kuchana. Kijiji kizima kilikuwa kimeshamwamkia mara ngapi, mimi ndiyo kwanza.

"Marahaba."

Nikamnyooshea sukari. Hakuipokea.

"Nimefunga siku ishirini," alisema, "sikumsengenya mtu, sikudanganya mtu. Saumu ya jana sijui kama ninayo."

Nililia. Nikamwambia nisamehe, nitamfuata Shangazi Kivinje, nitasema kweli. Aliniacha nilie, kisha akasogea kwenye jamvi akanipa nafasi.

"Keti. Nilisema nitakuja unifundishe. Basi tusuke, uongo wangu upungue."

Nikaketi. Akanishikisha miyaa minne, akaniongoza vidole, juu, chini, vuta. Mpaka adhuhuri nilikuwa na ukili wa shubiri moja, umepinda, na damu kwenye kidole gumba. Hakunicheka.

Ndipo Adija akaingia, anatoka kwa bibi yake alikokuwa tangu juzi, mzigo wa kuni kichwani. Akatuamkia, akatua kuni, akaenda ndani. Tulimsikia akifungua sanduku lake, akalifunga, akalifungua tena. Akatoka.

"Mama, kawa langu liko wapi?"

Mboni hakuinua macho kwenye kazi yake.

"Muulize mwalimu wangu," alisema.

Binti akanigeukia, anatabasamu, anangoja. Nikauweka ule ukili wangu uliopinda chini, nikamwambia.