Cheti Kilichokwama kwa Mashine Yangu

Mimi ni mtu wa hasira na sijifichi. Ukiniuliza bei mara tatu na hununui, nitakuambia songa mbele, wengine wanangoja. Lakini ile siku mashine yangu ya laminesheni ilikula cheti cha Mukai, hata hiyo hasira ilinisaliti.

Niko na duka la fotokopi na vitabu hapa Kitengela. Mukai anachomelea mageti hatua chache kutoka kwangu, miaka kumi na moja sasa. Wateja wageni bado wanafika pale wanamuuliza, "Fundi ako wapi?" Naye anainua ile kofia ya chuma usoni, anawaambia, "Ndiye huyu, sema." Nusu ya mageti ya mtaa wetu ametengeneza yeye, na sijasikia hata moja limeng'oka. Nampenda huyo mwanamke, nisiseme uongo.

Siku hiyo, Jumatano, aliniletea cheti chake cha gredi ya kwanza ya kuchomelea nimtolee nakala. Alikuwa ameitwa interviu Kajiado, kwa chuo kidogo cha ufundi cha kanisa kilichokuwa kinatafuta mwalimu. Barua ilisema wazi: uje na vyeti halisi. Na hakuitaka hiyo kazi kwa maringo. Daktari wa macho alikuwa amemwambia kwamba akiendelea kukaa kwa ule moto kutwa nzima, miaka mitatu ijayo hatamwona vizuri hata mtoto wake Mumo. Kufundisha kungempunguzia moto, na mkate ungebaki mezani.

Nikakiskani, nikatoa nakala mbili. Yeye akatoka nje kidogo kupokea simu. Mimi na kiherehere changu nikaona ni aibu cheti kama hicho kubebwa ndani ya bahasha ya kaki iliyochanika. Nikakitia kwa laminesheni kivishwe plastiki, bila kumuuliza. Bure, zawadi! Mashine ikavuta nusu, ikaguna, ikasimama. Nikazima stima, nikavuta kwa nguvu. Kilichotoka kilikuwa kimejikunja na kuungua, jina halisomeki, muhuri umeshikana na plastiki.

Unajua nilifanya nini aliporudi? Nilimfokea yeye. "Na wewe kwa nini unaacha kitu ya maana kwa kaunta yangu?" Wallahi nilisema hivyo, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Mukai alikigeuza kile kitu mikononi, akaketi juu ya kreti ya soda. Machozi yakamtoka, akayapangusa na mkono wa ovaroli. Kisha akasema, "Interviu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Niko na siku nane. Tunaanzia wapi, Mama Ilhan?"

Ilhan ni binti yangu. Kwa hivyo bado aliniita kwa heshima yangu, na bado alisema tunaanzia, wakati angenirushia ile kreti na mtaa mzima ungemuunga mkono.

"Tunaanzia hapa hapa," nikamwambia, nikivuta kiti kwa komputa. "Picha ya cheti iko hapa. Karatasi nzito niko nayo. Nipe nusu saa, nikutolee kingine hata aliyekitia sahihi hatajua."

"Na muhuri?"

"Muhuri ni kitu gani? Nitautengeneza."

"Ala, Mama Ilhan! Unataka nivae zile nguo za mistari za jela?" Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Ule mtihani niliufanya nikiwa na mimba ya Mumo, miezi minane. Msimamizi aliniambia nirudi nyumbani nikazae kwanza. Nikachomelea nikiwa nimepiga magoti, maana tumbo lilikataa niiname. Hicho kilichoungua kilikuwa changu. Sitaingia pale na cha kwako."

Nilizima komputa.

Kesho yake tukaenda kituo cha polisi kuchukua abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuombea cheti kingine. Askari wa kaunta alikuwa mtu mpole, akakitazama kile kipande cha plastiki akakuna kichwa. "Mama, hii tunaandikia kitu kimepotea. Hiki si mnacho hapa? Semeni tu kimepotea, mambo yaishe."

"Hakijapotea, afande," Mukai akasema. "Kimeungua. Andika kimeungua."

Aki huyo mwanamke! Mimi nilikuwa namfinya mkono akubali twende zetu. Alisimama pale mpaka askari akamwita mkubwa wake, na mkubwa akaandika kimeungua.

Kwa wakili, tulipoenda kuapia habari hiyo, ndipo mambo yalinigeukia. Alisema hati ya kiapo itakuwa na nguvu zaidi kama aliyeharibu cheti naye ataapa. Mimi! Jina langu, Amino, na namba ya kitambulisho, kwa karatasi ya sheria, nikikiri nimechoma cheti cha serikali? Niliona duka limefungwa. Niliona Ilhan ameacha shule. Nikaanza kueleza habari ya stima kupandapanda.

"Kama huwezi, acha," Mukai akaniambia. "Nitaapa yangu peke yangu." Alisema bila uchungu hata kidogo, na hapo ndipo nilishika kalamu.

Jumatatu alienda Nairobi kwa ofisi ya mitihani ya ufundi. Wakachukua kile kilichoungua, wakalitafuta jina lake kwa rejista, wakalipata. Cheti kipya kingechukua wiki kadhaa, lakini wangeandika barua ya kuthibitisha na kuituma moja kwa moja kwa chuo. Jumatano jioni akapiga simu chuoni. Barua haijafika.

Alhamisi nikafunga duka, nikaenda naye Kajiado. Nikaketi kwa benchi ya korido, Msomali peke yangu na hijabu yangu katikati ya picha za maaskofu, nikimwombea Mkamba apate kazi ya kanisa. Mukai akatangulia kuingia, na haikupita muda nami nikaitwa ndani.

Walikuwa watatu mezani. Aliyekuwa katikati, Bwana Metito, ndiye mkuu wa chuo. "Sopa," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Epa," nikajibu.

Alikuwa na hati zetu mbele yake. "Wewe ndiye ulichoma hiki cheti?"

"Ni mimi."

"Hapa umesema ulikiskani kwanza. Picha uko nayo?"

"Niko nayo."

"Na kazi yako ni kuprinti. Sasa mbona hukumprintia kingine? Sisi tungejuaje?"

Nikisema sikufikiria, ni uongo. Nikisema kweli, nimejipeleka polisi kwa miguu yangu, na pengine nimemchafulia Mukai jina kwa sababu ya kukaa na mtu kama mimi. Nikamtazama. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Aliniachia.

"Nilitaka kumprintia," nikasema. "Na muhuri nilikuwa niutengeneze. Yeye ndiye alikataa. Nilimsukuma, akakataa kabisa."

Bwana Metito akaandika kitu, akaniambia nikangoje nje.

Nilikaa kwa ile benchi nimekumbatia mkoba, hakika kwamba nimemmaliza. Mukai alipotoka niliruka. "Nisamehe. Nimekuharibia mara ya pili."

"Nyamaza wewe," akasema, akinishika kwa ile mikono yake migumu ya makovu ya cheche. "Wamepigia Nairobi simu mbele yangu. Rejista imesomwa, namba zote zimelingana. Naanza mwezi ujao."

Nilipiga vigelegele katika korido ya kanisa. Karani akatoka mbio kuangalia nani amekufa.

"Na mimi?" nikauliza. "Wanaita polisi?"

"Hapana. Bwana Metito aliniuliza tu kama wewe ni ndugu yangu."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ndiyo."

"Mukai! Wewe wa Makueni, mimi wa Garissa. Akakubali huo uongo?"

"Uongo gani?" akasema. "Siku nane nimekataa kudanganya, nianze leo?"

Nililia hapo hapo mpaka karani akaniletea maji.