Shayiri Juu ya Lettice

Kapteni Thackwell aliamuru makaburi yote yasawazishwe, kisha ipandwe shayiri juu yake. Wenyeji wa msituni wasijue ni watu wangapi walikufa majira ya baridi. Wakijua hilo watajua pia tumebaki wachache, na hapo ndio mwisho wetu. Ndivyo alivyosema, na wanaume waliobaki na nguvu ya kushika jembe wakaitikia amina.

Thomasine Pruett hakuitikia. Binti yake Lettice alikuwa humo.

"Jiwe dogo tu, Kapteni. Nijue mwanangu amelala wapi."

"Dada Thomasine, Walter bado unaye. Unataka naye tumfukie?"

Thomasine akamkumbatia Walter, mwanawe pekee aliyebaki, ambaye siku hizo alikuwa anakohoa. Kwao Dorset, ng'ambo ya bahari, mtu akifa hulazwa uwanjani mwa kanisa kando ya babu zake, na kila Jumapili ukipita unamsalimia. Watu hawa walivuka bahari yote ile wapate kumwabudu Mungu wapendavyo, halafu wakaja kuzikana kama wezi wanaoficha mali!

Shayiri ikaota. Ardhi ile ilikuwa mchanga mtupu, na majani yakatoka membamba, ya manjano, ya kusikitisha. Lakini hapa na pale yalitoka mabichi, yamenona na kushonana, urefu wa mtu aliyelala. Kulikuwa na mabaka marefu ya watu wazima na mafupi ya watoto. Jamani, kila kaburi lilikuwa limetandikwa kama kitanda, na ungeweza kuyaona yote ukiwa mlangoni mwako.

Thomasine kwanza alifurahi. Ndiyo, alifurahi, na asihukumiwe na mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda kifupi karibu na kisiki, akapiga magoti, akalaza kiganja juu ya majani.

"Kumbe uko hapa, mama," akasema.

"Inuka, mwenzangu!" Joan Hibbert, jirani yake, alikuja mbio. "Umesahau? Leo Nokas anatuletea samaki!"

Thomasine akainuka. Nokas alikuwa mwenyeji aliyeokota lugha yao kwa mabaharia, na aliahidi kuwafundisha kupanda mahindi: samaki chini kama mbolea, mbegu juu. Mtu kama huyo utamdanganya nini kuhusu kitu kilichofukiwa chini ya mmea?

Kapteni alipoambiwa, uso ulimpauka. "Kateni yote yaliyonona! Upesi!"

Wakashika miundu. Joan alikata juu ya kaburi la mumewe huku machozi yanamtoka na matusi yanamtoka. Thomasine akashika majani ya kitanda kifupi, akainua mundu, mkono ukagoma.

"Kata, Mama Lettice!" Kapteni akafoka.

"Kitanda kimoja tu kitamwambia nini?"

"Kata, utatuua!"

"Nimeshindwa, Kapteni. Kata wewe."

Kapteni alipiga hatua, kisha akasimama. Nokas alikwisha kutoka msituni, kikapu begani.

Alitazama shamba. Pale walipokata palikuwa na mabaka yaliyonyolewa, marefu na mafupi, na yalionekana hata zaidi kuliko mwanzo. Akaja taratibu mpaka kwa Thomasine, akatua kikapu.

"Mtoto?"

Nyuma yake Kapteni alikuwa anatikisa kichwa: hapana, hapana. Thomasine alijua ni maisha ya Walter yaliyo hatarini hapo, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini kumkana Lettice akiwa amemkanyaga, hilo hakuliweza.

"Ndiyo," akasema. "Anaitwa Lettice."

Nokas akachutama, akaigusa ile shayiri kwa upole. "Mlikuta shamba hili limeshafyekwa," akasema. "Hamkuuliza nani alilifyeka. Hapa kilikuwa kijiji cha mama yangu. Walikuja watu wa merikebu, wakaondoka, tukaanza kukohoa. Tukazika mpaka hakubaki wa kuzika."

Walter akakohoa. Nokas akamtazama mtoto, kisha akainua macho kwenye nyumba, akayapitisha juu ya paa moja baada ya jingine bila haraka yoyote.

"Sasa mimi nauliza," akasema. "Zile nyumba zisizotoa moshi ni za nani?"

Watu wakamgeukia Kapteni, naye akatikisa kichwa tena. Nokas akanyanyua kikapu chake na samaki wake wote, akarudi msituni.