Sauti ndani ya Krispi za Pilipili

Jumanne, kabla ya saa sita mchana, mwenye duka alifungua pakiti ya krispi za Kwaruza, ladha ya pilipili, na humo ndani wifi yake akasema, "Jamani, kiuno changu."

Alisubiri kidogo, pengine kulikuwa na la zaidi.

"Hata kibao cha kukalia hakuna?" pakiti iliongeza, kisha ikanyamaza. Mwenye duka akala krispi zake. Chumvi ilikuwa imekolea.

Jioni akampitia wifi yake nyumbani. "Wifi, mbona unalalamikia ndani ya pakiti?"

"Kumbe zimeshafika dukani?" aliuliza mwenzake, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. "Si unajua nusu ya pakiti ni hewa? Basi hewa yenyewe ndiyo hiyo ninayoisemea."

Kazi ya wifi, kiwandani kwa Kwaruza, ilikuwa kuziba pakiti. Miaka tisa alisimama mbele ya mashine, zamu nzima, tangu benchi lao lilipoondolewa kuipisha mashine mpya. Mdomo wake haukuwa na pazia. Lililomkaa moyoni alilitoa, na mashine, kwaa, ikalifungia.

Wateja walipiga simu kiwandani wakisema kwamba watoto wao wameanza kuguna kila wakiinama. Kampuni ikatangaza pakiti zote za pilipili za mwezi ule zirudishwe, kwa kuwa zina "sauti isiyoorodheshwa kwenye viambato." Aliyerudisha moja angepewa kuponi ya kuchukua nyingine.

Mzibaji akaitwa kwa meneja. Alikwenda roho mkononi, maana nyumbani kwake watu watano walikula kwa mashine ile. Mezani palikuwa na pakiti kumi na mbili. Meneja akazifungua moja moja. Ya kwanza iliguna. Ya tano ilitaja magoti. Ya tisa ikasema, "Yeye kiti chake kinazunguka, sisi hata kigoda."

"Hii sauti ni yako, mama?"

"Ni yangu, bosi."

Meneja alikizungusha kiti chake kidogo, akahakikisha. Akachukua kalamu. "Itabidi nikusimamishe kazi."

"Kusimama nimeshazoea, bosi."

Hapo akaingia afisa mauzo. Pakiti zilizorudishwa nchi nzima, alisema, ni hizo kumi na mbili tu. Nyingine watu wamezificha, na maduka yanaomba zaidi. Meneja akaweka kalamu chini.

Wiki iliyofuata promosheni ikaanza: atakayekuta pakiti inayosema "kiti" anajishindia kiti, cha mto mwekundu na egemeo. Mzibaji alipangiwa kulitamka neno hilo mara nne kwa zamu. Mengine alalamike apendavyo. Akaomba naye apewe kimoja. Msimamizi akageuza pakiti, akamwonyesha maandishi madogo kama mayai ya chawa: Wafanyakazi na jamaa zao hawaruhusiwi kushiriki.

"Mimi sikuandika, mama," alisema msimamizi, na kweli hakuandika yeye.

Mzibaji akarudi kwenye mashine, akahamishia uzito mguu wa kushoto, akasema, "Kiti." Nje, lori la zawadi lilikuwa linapakiwa.

Mshindi wa kwanza mtaani alikuwa fundi saa mstaafu. Alikiweka kiti chake kivulini mbele ya duka la wifi yake mzibaji, akakaa, akanunua pakiti nyingine, akaifungua.

"Uwii, magoti," ilisema pakiti.

"Pole sana, dada," fundi akaiambia. Akaegemea vizuri, akaanza kutafuna.