Nani Amefagia Mwaka Huu

Asubuhi za mwezi wa saba, bonde la Ruvuma hujaa ukungu mpaka juu, na ofisi ya takwimu ya mradi wa korosho, pale ukingoni mwa mji wa Newala, huonekana kama imening'inia hewani. Dominika alizipenda asubuhi hizo. Aliwasha kompyuta, akaisikiliza inavyovuma, akajiona yuko juu ya mawingu na mikorosho yote ya kusini iko chini yake, imetulia, imepewa namba. Alikuwa na haki ya kujiona kidogo. Soko lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi walikuwa wanamiminika, na wote walitaka kujua korosho ziko wapi na ni za nani. Wa kuwajibu walikuwa watu watatu: Godwin, mkuu wa kitengo, Anselmo, aliyezunguka vijijini na madodoso, na Dominika, mchambuzi.

Majibu yalipochambuliwa, Godwin aliipaka rangi ramani ya ukutani. Penye mwenye shamba, kijani. Pasipo na mwenyewe, aliacha peupe. Mashamba meupe yangekodishwa kwa mwekezaji kabla ya msimu. Na meupe yalikuwa mengi, Mnyambe, Chiwata, kila mahali, kana kwamba ukungu wa nje umepenya dirishani. Dominika aliukodolea macho weupe ule mpaka chai ikapoa. Ndipo akaliona shamba la bibi yake, huko Chiwata, alipozaliwa mama yake.

"Hili lina mwenyewe," alisema.

"Nani?" Godwin aliuliza.

Dominika alilitafuta dodoso la shamba hilo. Kwenye swali la shamba ni la nani, Anselmo alikuwa ameandika: Yuliana. Ndiye bibi mwenyewe, aliyefariki Dominika akiwa darasa la pili. Kompyuta ilimtafuta Yuliana kati ya wakazi walio hai, haikumpata, ikaamua shamba halina mtu. Na aliyeiamuru iamue hivyo ni Dominika.

Alipekua madodoso mengine meupe, akakuta marehemu watupu. Watu walikuwa wamejibu kama wanavyojibu siku zote: shamba ni la aliyelipanda, hata akiwa kaburini, waliobaki wanamtunzia tu. Jamani, na yeye mtoto wa huko huko! Shule ilimpeleka wapi hata akasahau?

Godwin hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa tarehe. "Nitafutie swali ambalo marehemu hawezi kuwa jibu lake," alisema. "Na upesi."

"Tuulize nani amefagia chini ya mikorosho mwaka huu."

Maana kila mtunza mikorosho hufagia kabla korosho hazijaanza kudondoka, zisije zikapotelea kwenye majani. Anselmo akawasha pikipiki, akarudi vijijini. Kijani kikaanza kuingia ukutani, Mnyambe kwanza, kisha kwingine. Dominika aliyaingiza majina huku akiwasikia kabisa wenye majina hayo wakifagia, polepole, kila mmoja kivulini mwake.

Kisha likaja dodoso la mama yake, Agatha, aliyelitunza shamba la bibi. Nani amefagia? Hakuna. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na Agatha si mtu wa kumwongopea hata karani.

Vidole vya Dominika vilisita. Angeandika jina la mama, nani angejua? Angejua yeye, na swali lilikuwa lake. Alimwomba Godwin ruhusa, akadandia lori la Masasi kwenda Chiwata.

Kulipopambazuka alikuwa shambani, ameinama na fagio la vijiti. Maua ya mikorosho yalinukia utamu, umande ulidondoka shingoni. Kila alipofagia alisikia fagio jingine upande wa pili wa mti. Akisimama, nalo linasimama. Hakuogopa. Alifurahi, akaendelea.

Mama yake alikuja na fimbo, taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

"Inama vizuri basi. Unafagia kama mgeni."

Jua lilipopanda, Anselmo alifika kuhakiki dodoso lile. "Mama Dominika, nani amefagia mwaka huu?"

"Andika Yuliana," Agatha alijibu bila kusita.

Kalamu ya Anselmo ikabaki hewani. Dominika alishikwa na hofu. Kwa neno lile moja shamba lilikuwa linarudi kwenye weupe.

"Mama, bibi amekufa," alisema. Hakuwa amewahi kulitamka kwa mama yake.

"Najua kafa. Si mimi niliyemzika?" Agatha aliyatazama majani yaliyokusanywa, kisha akamtazama bintiye. "Nilikuwa namshikia jina mpaka mtu wa kwake aje."

Akamgeukia Anselmo.

"Huyu kaja. Mwandike."

Anselmo akaandika, na Dominika akaangua kilio, fagio bado mkononi.