Bi Asia Asuluhishwa kwa Simu

Mkuyuni nzima hakuna aliyejua kumpa mtu vidonge vyake kama Bi Asia. Basi ujumbe ulipoingia kwenye simu yake ya kitochi, "Mpendwa mteja, umefunguliwa shauri la shamba na nyumba. Jibu ndani ya siku saba," alicheka mpaka akakaa chini. Matapeli hawa! Juzi walitaka hela, leo wanataka shamba. Akawajibu hapo hapo: "Haya mwanangu, chukua shamba, chukua na nyumba. Kitenge changu tu usisahau."

Siku ya tisa akapanda mlima Mikidadi, mtoto wa marehemu Omari, kaka yake Bi Asia, akitokea Kihonda mjini. Viatu vinang'aa, simu kubwa mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kulikoni? Leo umekumbuka kwenu?"

Kijana akamsomea uamuzi wa shauri alilolifungua yeye mwenyewe. Siku hizi, alieleza, mahakamani wanakwenda washamba. Watu wastaarabu wanasuluhishwa mtandaoni, kila mtu kwake, na ugomvi unakwisha kabla hata mtu hajajua kama anao. "Mlalamikiwa amekubali kwa ukarimu. Shamba na nyumba ni mali ya mlalamikaji. Ombi la kitenge linashughulikiwa."

Bi Asia akageuka kulitazama shamba. Migomba ile na midalasini ile aliachiwa na mama yake, naye mama aliachiwa na mama yake, maana kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata tumbo la mama. Omari alilima pale kwa hisani ya ukoo tu. Mikidadi, mwanawe, ni wa ukoo wa mama yake mzazi, si wa huu. Hilo hata mtoto anayenyonya analijua. Lakini huo mfumo wenye akili nyingi uliuliza swali moja, marehemu ni baba yako? Mikidadi akabonyeza ndiyo. Ukampa mlima.

"Hao waamuzi wamewahi kukanyaga hapa?"

"Ndiyo raha yake, shangazi. Hakuna haja."

"Mimi nilidhani ni tapeli!" Na wala hakuwa amekosea sana, maskini.

"Pingamizi unaruhusiwa," Mikidadi akasema, mpole kama fisi aliyekabidhiwa mbuzi. "Wewe sema, mimi naandika. Kila neno linaingia."

Bi Asia akafungua mdomo. Matusi yote ya Mkuyuni yalikuwa tayari ulimini. Halafu akakiona kile kidole gumba kinangoja juu ya kioo. Akakumbuka ombi la kitenge walivyolipokea kwa heshima; je, laana si wataipokea kama dua? Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mwanamke yule akanyamaza, machozi yanamtoka.

Mikidadi alingoja kwa adabu zote. Simu ikalia.

"Mlalamikiwa hana pingamizi," akasoma. "Shauri limefungwa. Pole na hongera, shangazi. Chai ipo?"

Mgeni ni mgeni. Bi Asia akanyanyuka kwenda kuinjika maji. Alipofika mlangoni akasimama, mkono kwenye mwimo, hajui kama aingie tu au apige hodi.