Mshono Kwenye Kioo

Kitindamimba wangu akipiga simu, salamu ya kwanza ni ya samaki. "Mama, hawajambo?" Mimi huulizwa nikishawajibia wao. Aliniachia tangi lake la maji ya chumvi alipopata kazi ya uuguzi mbali, mwendo wa siku mbili, na miaka mitatu sasa hajarudi. Mimi ni fundi cherehani. Tangi liko ubavuni mwa mashine yangu. Nikinyanyua kichwa kutoka kwenye pindo nawaona wale wawili wa rangi ya chungwa wakinikodolea macho, kana kwamba nimechelewesha nguo zao.

Sikuwahi kumwambia kwamba namkumbuka. Nilimlea kwa ukali, na mama mkali akianza kudeka watu hucheka. Basi nilikuwa nampa habari za joto la maji.

Jumatatu moja nikaona kitu upande wa ndani wa kioo: vidonge vidogo vyeupe, vimepangwa zigizaga, nafasi sawasawa. Mashine yangu siku hizi haishoni vizuri hivyo. Nikampigia.

"Mama! Hayo ni mayai!" Alipiga kelele mpaka nikaitoa simu sikioni. "Nimesubiri watage tangu nilipowanunua! Yako kwenye jiwe?"

"Kwenye kioo."

"Kioo? Wao hutaga kwenye jiwe, karibu na wanapolala. Yana rangi gani? Ya chungwa?"

Nikavaa miwani. Yalikuwa meupe pepepe. "Yanaelekea huko," nikasema.

"Na dume anayapepea kwa mapezi?"

Dume alikuwa pembe ya pili ya tangi, anagombana na kivuli chake. "Anapepea." Uongo huo ulinitoka wenyewe, kwa sababu nilishasikia jinsi sauti yake ilivyochangamka.

"Basi nakuja, mama. Vitoto vikianguliwa vinahitaji mtu wa kuvilisha. Kesho naomba likizo."

Siku mbili nilishona huku naimba. Mteja mmoja akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia kwa umri wangu mchumba ni dawa ya mgongo.

Jumatano asubuhi nikawatupia samaki chakula. Mchanga ukatikisika, vikatoka vile vikonokono vinavyojificha humo, ambavyo mimi husahau kama vipo, vimenyanyua pua vinanusa. Kimoja hakikwenda kula. Kilipanda kioo taratibu, kikatua, kikaacha kidonge. Kikasogea kidogo, kikaacha kingine. Kilishona mstari mzima mbele ya macho yangu. Fundi mwenzangu, nikakiambia, ungekosa nini kama ungengoja wiki moja tu, mwanangu afike kwanza?

Ningeweza kunyamaza. Angefika, angeona, angenikasirikia, lakini angekuwa humu ndani. Niliwaza hivyo mchana kutwa, nikaharibu kola mbili. Ila likizo yake ni moja kwa mwaka, na njia ya mwongo ni fupi. Jioni nikampigia.

"Ni ya konokono," nikasema. "Nimemwona akitaga kwa macho yangu. Na dume hakupepea chochote, nilikudanganya."

"Ah. Wale wa mchangani," akasema, sauti imeshuka. "Basi si kitu, mama. Likizo nitaisogeza mbele. Labda mwisho wa mwaka."

"Sawa," nikasema. Akaanza kuaga.

"Usikate. Nimekukumbuka, mwanangu. Siku hizi nakula nimesimama jikoni, ili nisikione kiti chako. Njoo. Samaki wakitaga, wasipotaga, wewe njoo."

Nikamsikia analia. Muuguzi mzima.

"Mimi nilidhani umefurahi nyumba ikiwa kimya," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Hukuwahi kuniita, mama."

"Ndiyo nakuita sasa."

Akapenga kamasi. "Kitanda changu bado kipo?"

Nilikuwa nimekifanya meza ya kukatia tangu mwezi ule alioondoka, na vitambaa vya wateja vilikuwa vimefika usawa wa dirisha.

"Kipo," nikasema. Nikaingia chumbani nimebana simu kwa bega, nikaanza kuvishusha vitambaa sakafuni kimoja kimoja.