Penalti ya Dakika ya Tisini na Mbili

Jumatatu saa tatu asubuhi, benchi la mbele ya duka la fundi cherehani lilikuwa limeshajaa marefa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika filimbi. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa amemwacha mteja kwenye kiti, nusu kichwa kimenyolewa, akaja na taulo begani. Dereva wa lori, ambaye lori lake lilikuwa gereji kwa wiki ya tatu, alikaa katikati kwa mapana yake yote, na wengine wawili wakabanana pembeni wakiitikia kila kilichosemwa, hata kilichopingana na kilichotangulia.

Habari ilikuwa moja. Juzi Jumamosi ilichezwa fainali ya ubingwa, sare ya bila kufungana mpaka dakika ya tisini na mbili, kisha refa akapuliza na kunyoosha mkono kwenye nukta ya penalti. Wenyeji wakafungwa, kombe likapanda basi la wageni.

Fundi alikuwa ndani akitia pindo suruali ya mtu mfupi aliyejidanganya dukani. Aliwasikia wote na wote walimchosha. Kwa maoni yake, watu wale walichokijua kuhusu mpira ni kwamba ni wa duara, na hata hilo wangeulizwa wakiwa na njaa wangebishana.

"Hakumgusa," kinyozi alisema. "Mimi nilikuwa nyuma ya goli."

Ni kweli alikuwa nyuma ya goli. Goli la upande mwingine, mita mia kutoka lilipotokea jambo lenyewe.

"Alimgusa, lakini kidogo," dereva akasema. "Na mguso mdogo dakika ya tisini na mbili hauhesabiwi. Kuna sheria."

"Sheria namba ngapi?" fundi aliuliza kutoka ndani bila kuinua kichwa.

Dereva alijikuna shingo. "Ile ya dakika za mwisho."

Fundi alisonya, msonyo mrefu wa kutosha kumaliza pindo la mguu mmoja.

Hawakuja pale kwa kupenda cherehani. Fundi huyu alikuwa refa kwa miaka kumi na tisa, na tangu astaafu alikuwa mtathmini wa waamuzi, yaani yule mtu anayekaa jukwaani na fomu mapajani akimpa refa alama. Mtaani walimwita Kamisaa. Kamisaa wa mchezo ni mtu mwingine na kazi yake ni nyingine, na fundi alilieleza hilo kwa miaka mitatu mpaka akachoka, akaliweka kwenye fungu la mambo ambayo watu wa mtaa ule hawatayaelewa mpaka wafe.

Fainali ile ndiye aliyeitathmini. Na refa wa fainali ile, aliyepuliza penalti ile, alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake wa kwanza, aliyemfundisha mwenyewe tangu akiwa hajui kuvaa soksi za refa. Mtathmini aliyepangwa aliugua Ijumaa, kamati ikampigia fundi simu. Mwenyekiti alimwambia, "Wewe hatuna wasiwasi nawe. Hata mama yako ungemnyima alama." Fundi aliipokea kauli hiyo kama sifa, akalala nayo vizuri.

Kamera uwanjani ilikuwa moja tu, na wakati ule ilikuwa ikimwonyesha mgeni rasmi akinywa maji. Kwa hiyo neno la kuaminiwa lilibaki kwenye ripoti ya mtathmini. Kamati ilikuwa inakaa kesho yake saa nne. Ripoti ikisema penalti haikuwa halali, mpwa anavuliwa beji misimu miwili, na kwa umri wake misimu miwili maana yake ni basi. Alikuwa ameingoja fainali hiyo kwa miaka kumi na moja.

"Sema basi, Kamisaa," kinyozi alimchokoza. "Utamkinga mpwa wako, au siyo?"

Hapo fundi aliinuka. Alitoka mpaka mlangoni, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, akawatazama mmoja mmoja kama mtu anayetazama kitambaa kilicholiwa na panya.

"Ripoti yangu imo ndani ya bahasha. Nimeandika uamuzi haukuwa sahihi. Mshambuliaji alijirusha. Aliuburuza mguu wa kushoto, akautafuta mguu wa beki, alipoukosa akaanguka hivyo hivyo." Akauburuza mguu wake mwenyewe kizingitini, wakaona. "Mmeridhika?"

Benchi lilifurahi. Dereva alisema huyu ndiye mtu wa haki. Kinyozi alisema yeye alijua tangu zamani. Fundi alizidharau sifa zao kuliko matusi yao, ingawa, tuseme kweli, hakuzitema.

"Tatizo la mpira wetu," aliwaambia, "ni watu kupuliza kwa kusikia kelele. Mimi wanafunzi wangu nawaambia siku ya kwanza: kama hukuona, usipulize. Nyinyi hamkuona na mnapuliza tangu juzi."

Walicheka. Hawakujua kwamba hawakuchekeshwa.

Mpwa alifika saa nne kasoro, ametoka maabara ya zahanati anakofanya kazi, koti jeupe limekunjwa mkononi. Aliwasalimia watu wa benchi, wakamjibu nusu mdomo. Akaingia ndani, na fundi akavuta pazia la pembe ya kujaribia nguo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba, rudi kazini."

"Sijaja kuomba. Nimekuja kuuliza. Dakika ya tisini na mbili uliona nini?"

"Nimeshaandika."

"Sijauliza ulichoandika, mjomba."

Alimweleza, kwa sauti ile ile ya kufundishia: mguu wa kushoto, kuburuza, kutafuta, kuanguka. Hakukosa hata kipande. Mpwa alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, maana hata kusikiliza huko alifundishwa na yeye.

"Ulitufundisha jambo," akasema alipomaliza. "Kwamba ukishatoa uamuzi mzito, tupa jicho mara moja pale alipokaa mtathmini. Si kumwomba kitu. Ujue tu kwamba uwanja mzima ukikuzomea, yuko mtu mmoja aliyekuwa anakutazama."

"Ndiyo."

"Nilipopuliza nilitazama. Sikuona uso wako. Niliona kofia."

Nje dereva alikuwa anacheka jambo. Fundi alishika pazia, akaliachia.

Dakika ile wenyeji walikuwa wamebadilisha mchezaji. Mtathmini huandika namba ya anayetoka na ya anayeingia, na fundi, ambaye hakuwahi kuacha kisanduku kitupu maishani mwake, alikuwa ameinama akihangaika kama namba ya mgongoni ilikuwa tatu au nane. Alisikia uwanja ukiunguruma. Alipoinua kichwa, mshambuliaji alikuwa chini na mkono wa mpwa wake ulikuwa umeshanyooka. Mshambuliaji yule yule alikuwa amejirusha kipindi cha kwanza, hilo fundi aliliona vizuri. Mengine aliyajenga mwenyewe. Jumamosi jioni alikuwa anakisia, Jumapili akawa anakumbuka, na Jumatatu akaweza kuonyesha kwa mguu. Kilichomsukuma zaidi ni hofu ya kuambiwa kamkinga ndugu, na hofu hiyo mwenyewe akaiita haki.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza, na papo hapo akajichukia kwa kuuliza hivyo.

"Hakuna. Hata mama sijamwambia." Mpwa alilikunjua koti lake na kulikunja tena. "Mimi niliona beki akimkanyaga kisigino. Inawezekana nilikosea, mjomba, watu hukosea. Lakini niliona. Kama na wewe uliona, andika nilikosea na nitakubali. Kesho kwenye kamati sitakusemea kitu."

Akaaga kwa adabu, akapita mbele ya benchi, akarudi zahanati.

Fundi alifungua bahasha. Juu kabisa ya fomu kulikuwa na swali: je, mtathmini aliliona tukio mwenyewe? Alikuwa ametia alama kwenye Ndiyo. Hakukumbuka kulisoma swali lenyewe. Kwa miaka yote ile alitia Ndiyo kama mtu anavyofunga vifungo vya shati, na sasa hakutaka hata kufikiria ni ndiyo ngapi zilikuwa za kweli. Alichukua fomu nyingine akaandika Hapana, na mahali pa maelezo akaandika: nilikuwa nimeinama, naandika. Maneno matatu yale yalimchukua muda mrefu kuliko suti ya bwana harusi.

Kisha akatoka kuwaambia watu wa benchi, maana aliwatangazia uongo na aliona aibu kuuacha pale. Alijiandaa kuchekwa. Alistahili kuchekwa na alikuwa tayari.

"Nilichowaambia asubuhi si kweli. Ile penalti sikuiona. Nilikuwa naandika namba ya mchezaji wa akiba."

Hakuna aliyecheka. Dereva alitabasamu polepole, tabasamu la mtu anayejiona hadanganyiki.

"Tunaelewa, Kamisaa. Mpwa ni mpwa."

"Nawaambia sikuona."

"Si mlivuta pazia?" kinyozi akasema. "Mtu ameingia na machozi—"

"Hakuwa na machozi."

"—na wewe umetoka hujaona kitu. Asubuhi ulituonyesha mpaka mguu."

Walimsamehe, na msamaha wao ulimuuma kuliko zomeo. Wangemwita mjinga angewajibu. Walimhesabu kuwa mwenzao.

Kamati ilisoma ripoti, ikakosa cha kumshitaki refa, ikamwachia beji yake. Fundi waliondoa jina lake kwenye orodha ya watathmini, bila kelele, na wala hakukata rufaa.

Mechi ya kwanza ya mpwa baada ya hapo, fundi alikwenda akakaa na watu, juani, upande asioujua. Binti alichezesha vizuri. Katikati ya kipindi cha pili aliwanyima wenyeji kona, uwanja ukamzomea, na jamaa aliyekaa karibu na fundi akamgeukia mwenzake.

"Huyu ndiye yule wa fainali. Mshambuliaji alijirusha waziwazi. Aliuburuza mguu wa kushoto, akautafuta mguu wa beki, alipoukosa akaanguka hivyo hivyo. Kuna mtaalamu mmoja alikuwa jukwaani, mjomba wake kabisa, aliona kila kitu. Wakamnyamazisha."

"Hakuona kitu," fundi alisema.

Jamaa alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, na hakikumvutia hata kimoja.

"Mzee," akasema, "kwani wewe ulikuwepo?"